Namba Iliyong'arishwa

Daktari wa meno alichuchumaa, akatoa tochi yake ndogo ya kazini mfukoni, akaimulika injini ya pikipiki aliyokuja kuinunua, kama vile injini nayo imekuja kwake inaumwa gego. Sindano alisimama nyuma yake, mikono ameikunja kifuani, na kama kuna mtu aliyemwambia apumue asubuhi ile, hakumsikia.

Alikuwa ameingoja asubuhi hii kwa miezi minane. Wala si miezi minane ya kukaa kitako. Ni miezi minane ya mafuta ya taa kwenye kucha, ya kurudi jioni kutoka kibandani kwake anakoshona viti vya magari, mgongo unamlilia, na badala ya kujinyoosha kama binadamu wengine anavaa koti kuukuu la marehemu baba yake na kwenda uani kusugua vyuma.

Pikipiki ilikuwa ya baba, mwalimu wa shule. Mwalimu yule aliiendesha miaka ishirini na miwili, na alipofariki, Kaka aliifunika turubai, akaiegemeza ukutani nyuma ya jiko, akaisahau miaka kumi na mmoja. Aliikumbuka siku alipomleta mnunuzi wa vyuma chakavu. Siku hiyo Sindano aliikalia. Aliikalia kweli, juu ya kiti kilichobaki springi tupu, akashika usukani kwa mikono miwili, akamwambia yule mnunuzi kwamba kama amekuja kupima kilo basi ampime na yeye humo humo.

"Haya, itengeneze," Kaka alisema. "Tuone huo ubingwa."

Ndipo akaja Spoku. Walimwita hivyo mtaani kwa sababu hakukuwa na fundi aliyeweza kusuka gurudumu kama yeye: unampa rimu tupu na furushi la spoku, vile vijiti vya chuma, asubuhi, mchana anakurudishia gurudumu linalozunguka bila kuyumba hata unywele. Na pia alikuwa mwembamba. Majina ya mtaani hayakosi sababu ya pili.

Mapenzi yao hayakuanza kwa maua wala kwa ujumbe wa simu. Yalianza kwenye kabureta. Spoku aliifungua wiki ya kwanza, akaiinua juani, akaigeuza geuza, akauliza, "Nani alikuwa anaisafisha hii?"

"Baba."

"Alikuwa na mkono mpole."

Basi. Lakini Sindano alilazimika kwenda jikoni kujifanya anatafuta kitambaa, maana tangu mzee azikwe hakuna mtu aliyewahi kuutaja mkono wa baba yake. Walitaja deni, kiwanja, na nani abaki na redio.

Kaka hakukawia kunusa. Kaka ni afisa wa bima, na watu wa bima hunusa hatari kabla haijatokea. Jioni moja mezani, mbele ya Mama, aliweka uma chini, akajifuta mdomo, akatoa hukumu.

"Nisikilize vizuri, mdogo wangu, nisije nikaambiwa sikusema. Pikipiki ikiuzika kwa bei ya pikipiki, si bei ya chuma, huyo fundi wako na alete wazee wake hapa, nitawapokea. Isipouzika, asikanyage tena uani kwangu. Na wewe jina lake usilitaje mbele yangu."

Mama aliangalia sahani yake. Sindano alikubali, maana aliiamini kazi yao kuliko alivyomwamini Kaka.

Lakini hakusahau. Sindano ana kumbukumbu ndefu, na hakuna alichokiandika popote kwa sababu hakuhitaji. Alikumbuka mwezi wa kwanza, Spoku alipoambiwa apitie geti dogo la pembeni, lile la takataka. Alikumbuka Jumapili ya mwezi wa tatu, marafiki wa Kaka walipoletewa maji kwenye glasi zenye maua, na Spoku akapewa yake kwenye chupa iliyokatwa shingo, ile ya kunyweshea kuku. Alikumbuka mwezi wa nne, Spoku alipojisahau akaita "shemeji," na Kaka akageuka taratibu akauliza, "Shemeji wa nani?" mpaka spana ikamdondoka fundi wa watu. Na zaidi ya yote alilikumbuka lile jina ambalo Kaka alilitumia kila mara Spoku alipokuwa hayupo, na mara mbili alipokuwepo: fundi wa uchochoroni.

Hilo ndilo lililokuwa likimchemsha damu. Watu wanataka gari liwake asubuhi, bomba lisivuje, kiti kisichanike, lakini aliyeyafanya hayo akitaka kukaa kwenye kiti kile kile, wanatandika gazeti kwanza. Yeye mwenyewe alishona viti. Alijua idadi ya waliowahi kutandika gazeti.

"Imetulia sana hii," daktari wa meno alisema, bado kachuchumaa. "Tangi ndilo lenyewe?"

"Ndilo lenyewe, Daktari," Spoku alijibu. Alikuwa amesimama upande wa pili wa pikipiki, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakwaruza. "Tulitoa bonde moja tu hapa ubavuni. Rangi tumeifuata ile ya zamani, tuliikuta chini ya kibandiko."

"Na kiti?"

"Mshonaji huyo hapo," Spoku alisema, akamwonyesha Sindano kwa kidevu, na macho yao yakakutana kidogo juu ya tangi jekundu. Lilikuwa jicho la haraka tu, la kazi. Hata hivyo Sindano aliona kitu ndani yake ambacho hakukitegemea siku ya ushindi. Spoku alikuwa anaogopa.

"Piga kiki," Kaka aliamuru kutoka kwenye kivuli cha kibaraza, kadi ya usajili mkononi, viatu vinameremeta.

Spoku alipiga kiki mara moja. Pikipiki ikakohoa, ikajikumbuka, kisha ikaanza kuunguruma taratibu, tu-tu-tu-tu, sauti ile ile iliyokuwa ikiingia getini saa kumi na nusu jioni Sindano akiwa mtoto. Mlangoni Mama aliweka mkono mdomoni.

Daktari wa meno alitabasamu. Alikuwa amekwisha kunaswa, kila mtu aliliona hilo. Pikipiki nne za zamani alizokuwa nazo nyumbani, hii ingekuwa ya tano.

"Zima," alisema. "Nisomee namba, tumalize. Namba ya fremu?"

Kaka alisoma kadi. Daktari akaangalia chini ya usukani, akasoma pamoja naye, namba kwa namba, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ya injini?"

Kaka alisoma. Daktari alishusha tochi chini ya silinda, ubavu wa kushoto. Akasogeza uso. Akapitisha kidole gumba. Akavaa miwani. Akapitisha kidole tena.

"Ziko wapi?"

"Si hapo hapo?" Kaka alisema.

"Hapa ndipo zinapogongwa, nazijua hizi. Lakini pako laini kama shavu la mtoto." Daktari aliinua uso. "Namba zimesuguliwa. Zimekwisha zote."

Sindano hakumwangalia daktari. Alimwangalia Spoku. Na kilichomuua si habari yenyewe, ni kwamba Spoku hakushtuka. Mtu aliyeambiwa jambo jipya hutoa macho, huinama kuangalia. Spoku alisimama vile vile, anaangalia ncha za viatu vyake.

"Ulijua," Sindano alisema.

Spoku alipangusa vumbi lisilokuwepo kwenye tangi.

"Spoku, nakusemesha. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu!" Sauti yake ilipanda hadi jirani akafungua dirisha. "Wiki tatu unakuja hapa, unaniambia kila kitu sawa, unanunua shati jeupe!"

"Nani aliyezifuta?" daktari aliuliza kwa upole, kama anavyouliza watu mara ya mwisho walipiga mswaki lini.

"Mimi," Spoku alisema. "Wakati wa kung'arisha injini. Aluminiamu ilikuwa imeliwa, nikaweka msasa mkali kwenye grenda. Nikapitiliza."

Kaka alicheka kwa pua. Alikaa tu pale kibarazani na kile kicheko cha pua, akingoja, na Sindano alihisi miezi minane inamporomokea kichwani, kucha, mgongo, wazee watakaokuja, nyumba ya vyumba viwili waliyokwenda kuichungulia dirishani kama wezi, vyote vinaporomoka kwa sababu ya mtu mzima aliyeshindwa kuangalia anachosugua. Akafungua mdomo, na neno lililotoka halikuwa lake.

"Fundi gani wewe? Mtoto wa siku ya kwanza gereji anajua kuziba namba kwa karatasi ya gundi kabla hajashika grenda! Ndiyo maana... ndiyo maana unaitwa fundi wa uchochoroni!"

Spoku aliinua macho. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alimwangalia kama mtu aliyekwenda kwenye nyumba anayoijua akakuta kitasa kimebadilishwa.

Kaka aliteremka kibarazani sasa, amechangamka.

"Daktari, hili lisikusumbue. Ni jambo dogo. Namba tunazo kwenye kadi. Kuna vijana pale nyuma ya soko wana patasi za namba, nusu saa wanagonga upya, hakuna atakayejua."

Daktari wa meno alisimama, magoti yakamlia.

"Bwana, wewe si mtu wa bima?"

"Ndiyo."

"Namba iliyogongwa upya ni pikipiki ya wizi, hata kama ilikuwa ya malaika. Wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kuninyima fidia." Alizima tochi. "Mimi naziba meno, sizibi namba. Nendeni kwa wakaguzi wa vyombo vya moto, mpate barua kwamba injini ni ya fremu hii. Wana utaratibu wao, miezi mitatu, minne. Mkiipata nipigieni, bei yangu ni ile ile."

"Miezi minne!" Kaka aliruka. "Na leo je?"

"Leo naweza kuchukua vipande. Tangi, taa, kabureta, magurudumu. Nina nyingine ya aina hii inavihitaji."

"Chukua."

"Haipasuliwi," Spoku alisema.

"Wewe nani hapa?" Kaka alimgeukia. "Umeharibu mali ya watu, ushukuru sijakuitia polisi, bado unatoa amri? Sharti nilikupa na sharti limekwisha. Beba spana zako. Geti unalijua, lile la pembeni."

Ilikuwa wakati huo, Kaka anaonyesha geti kwa kadi ya usajili, ndipo hesabu ilipomgonga Sindano.

Wiki tatu.

Wiki tatu zilizopita Spoku hakuwepo. Alikuwa amesafiri siku nne kufuata rimu ya nyuma, na kabla ya kuondoka walikuwa wamegawana injini: yeye ubavu wa kulia, Sindano ubavu wa kushoto. Alikuwa amemwachia brashi laini ya waya na dawa ya kung'arishia. Lakini brashi ilikuwa inakwenda polepole mno, na Sindano hana mikono ya polepole. Alichukua msasa mkali mwenyewe kwenye sanduku, akaufunga kwenye grenda, akasugua siku tatu mpaka akaona meno yake kwenye chuma. Spoku aliporudi, vumbi la safari bado kichwani, alimvuta kwa mkono mpaka uani. "Jione!" alimwambia. "Jitazame humo!" Spoku aliinama, akaangalia, akakaa pale muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akamgeukia, akasema taratibu, "Imependeza."

Sindano alikuwa ameihifadhi siku hiyo. Ule ukimya. Alikuwa akiutoa kila usiku kabla ya kulala na kuulalia kama mto, ukimya wa mwanamume aliyekosa maneno kwa kupenda. Leo aliuona ulikuwa nini. Spoku alikuwa anatafuta namba.

"Ni mimi," alisema.

"Nyamaza, Sindano," Spoku alisema haraka.

"Usininyamazishe. Kaka, ni mimi. Ubavu wa kushoto niliung'arisha mimi."

"Anamfichia," Kaka alimwambia daktari, kama wakili anayemwambia hakimu.

"Simfichii! Yeye ndiye ananificha mimi!"

"Nilisugua mimi," Spoku alisema.

"Hukuwepo!"

"Nilirudia niliporudi."

"Mwongo! Hukuigusa! Ulikaa pale ukaitazama, ukaniambia imependeza!"

"Loo," daktari wa meno alisema, akirudisha tochi mfukoni. "Kliniki kwangu watu hugombania kutoumwa. Ninyi mnagombania kuumwa."

"Ni yeye."

Wote waligeuka. Mama alikuwa ametoka mlangoni, amesimama kwenye ngazi, kanga imekazwa kiunoni. Mama, ambaye kwa miezi minane alikuwa akiangalia sahani.

"Ni yeye binti yangu. Nilimwona siku zote tatu. Vumbi lilikuwa linamwingia, nikampa mtandio wangu ajifunge puani. Huyu kijana hakuwepo hata mjini."

"Mama!" Kaka alikosa pa kushika. "Umekaa unamsikiliza mtu akijibebesha kosa lisilo lake, na ulijua? Mbona hukusema?"

"Uliniuliza lini? Katika nyumba hii mimi huulizwa chumvi iko wapi."

Kaka aliikunja kadi ya usajili, akaikunjua.

"Sasa nisikie, baba," Mama aliendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Sharti ulimwekea fundi. Aliyeharibu ni mtoto wangu. Utamfukuza nani? Na hivyo vipande havitoki hapa. Jina kwenye kadi hiyo ni la marehemu, na mrithi mwenye kutia saini ni mimi. Kalamu ninayo."

Daktari wa meno aliaga kwa adabu zote, akamwachia Mama kadi yenye namba yake ya simu, akasema barua ikipatikana apigiwe, hata ikiwa mwaka ujao. Kaka alibaki amesimama katikati ya ua kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

"Basi walete," alisema mwishoni, akitupa mikono. "Walete hao wazee wake, siku mnayotaka. Mimi nimenawa mikono."

Sindano alikuwa ameyangoja maneno hayo miezi minane. Aligeuka, uso umemjaa kicheko na machozi kwa pamoja, amtafute Spoku wayasikie pamoja.

Begi la spana halikuwepo. Geti la pembeni lilikuwa wazi, linabembea.

*

Kibanda cha Spoku kilikuwa mtaa wa tatu, kati ya kinyozi na mshona viatu. Alasiri ile Sindano alimkuta ameketi kwenye kigoda, shati jeupe limetundikwa msumarini, yeye amebaki na fulana, gurudumu la baiskeli ya muuza mikate liko mbele yake kwenye stendi. Aliingiza spoku moja, akaikaza, akaingiza nyingine.

"Kaka amekubali," Sindano alisema kabla hata hajavuka kizingiti. "Umesikia? Amekubali. Wazee waje siku yoyote."

"Nimesikia. Nilikuwa getini."

"Ukaondoka?"

"Nikaondoka."

"Spoku, tumeshinda."

"Wewe umeshinda. Hongera."

Alikuwa amekuja na maneno mengi, ameyapanga njia nzima, na sasa lilitoka la mwisho kwanza.

"Lile neno," alisema. "Nisamehe. Nilikuwa na hasira."

"Nimesikia."

"Nimesikia ndiyo nini? Nakuomba msamaha, unanijibu kama karani."

Spoku alizungusha gurudumu kwa kidole, akalitazama linavyopita.

"Kaka yako ameniita hivyo miezi minane. Sijawahi kukosa usingizi hata siku moja, unajua kwa nini? Nilikuwa najua kwenye nyumba ile neno hilo lina mwenyewe mmoja. Leo ulipolitoa, Sindano, hukulitafuta. Lilikuwa mfukoni. Ulitia mkono tu."

Hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Na kwa kuwa lilikuwa kweli, hasira ilimpanda upya.

"Na wewe je? Wiki tatu umenifanya mjinga! Ulinitazama usoni ukasema imependeza!"

"Ilikuwa imependeza."

"Usinichekeshe, sitaki kucheka!"

"Sikuchekeshi. Ilikuwa imependeza, na namba hazikuwepo. Vyote viwili. Ningekwambia kipi kwanza?"

"Namba! Mtu yeyote mwenye akili anataja namba!"

"Ulikuwa unaruka ruka. Umejaa vumbi hadi kope, umejifunga mtandio wa mama yako kama mwizi wa benki, unaniambia jione, jione. Sijawahi kukuona hivyo." Alikaza spoku nyingine, kwa nguvu kuliko ilivyohitaji, akailegeza tena. "Nikasema nitatafuta njia kimya kimya. Nilikwenda kwa wakaguzi mara mbili. Mara ya kwanza mwenye mhuri yuko likizo. Mara ya pili wanataka saini ya mrithi. Mrithi ni mama yako. Nikaona nikimwomba mama yako, na wewe utajua."

"Na nikijua ningekufa?"

"Ungeumia."

"Mimi ni glasi? Nashona ngozi ya viti vya malori, Spoku! Sindano inanitoboa mara tano kwa siku! Nani alikutuma unibebe? Umesimama pale umejitwika kosa langu, umeniacha nikutukane mbele ya watu, na leo mimi ndiye mbaya! Ungeniambia ukweli, nisingelisema lile neno!"

"Ungelisema siku nyingine."

Sindano alihisi amepigwa kofi. Alitaka kurusha kitu. Kulikuwa na kopo la nati karibu na mkono wake, akalishika, akaliweka.

"Hiyo si haki," alisema polepole.

"Labda si haki." Spoku aliacha gurudumu kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu, na haikuwa vumbi. "Mimi nilikudanganya, hilo nalijua. Nilikuchukulia kama mtu asiyeweza kubeba lake, na hukunipa ruhusa. Hapo umenishika, sina jibu. Lakini kila nikilifikiria langu, nasikia lako. Sijui nifanyeje. Siwezi kuwaita wazee wangu wavae makoti waje kuketi kwenye viti vyenu wakati mimi mwenyewe sijui nimesimama wapi."

"Kwa hiyo hutaki tena."

"Sikusema hivyo."

"Umesema nini basi? Sema! Unataka au hutaki?"

"Jumatatu nitakuja kumchukua mama yako twende kwa wakaguzi. Nitapita geti kubwa. Hiyo ni kazi, naiweza. Hilo jingine sijui. Nimesema sijui."

Kutoka kwa kinyozi ilisikika mashine ikinguruma, na mtu akicheka kitu kisichowahusu. Sindano alisimama katikati ya kibanda. Familia iliyomkalia kooni miezi minane ilikuwa imeondoka njiani asubuhi moja, na sasa njia nyeupe kabisa, na asingeweza kupiga hatua hata moja juu yake. Angejua cha kufanya kama ingekuwa ni Kaka. Kwa Kaka angepiga kelele.

Aliona spoku zimetawanyika sakafuni. Akainama, akaanza kuziokota, azipange ndefu na ndefu, fupi na fupi.

"Usinisaidie," Spoku alisema.

"Zitapotea."

"Ziache."

"Nifanye nini basi? Niambie nifanye nini, nitafanya. Niende nikamwambie kila mtu mtaani kwamba ni mimi niliyefuta? Nitakwenda. Nipige magoti? Nitapiga, hapa hapa kwenye grisi."

"Usifanye kitu."

"Siwezi kutofanya kitu!"

"Najua. Mikono yako ikishaanza haijui pa kuishia. Unasugua mpaka unachokitafuta kinatoka." Aliligeuza gurudumu upande wa pili. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka anavyosema kweli. "Kwa leo tu, Sindano. Usinitengeneze."

Akazirudisha spoku sakafuni, moja moja, pale pale alipozikuta. Mikono ikabaki mitupu, akaificha kwapani. Kila mshipa mwilini ulikuwa unamwambia aseme, aeleze, akumbushe kabureta, akumbushe chupa ya kuku na jinsi alivyolia kwa ajili yake siku ile, ataje tarehe. Zote alikuwa nazo. Akafunga mdomo mpaka taya likamuuma.

Spoku aliingiza spoku, akaikaza. Akaingiza nyingine. Alifanya hivyo mara sita, mara saba, bila kuinua kichwa, na gurudumu la muuza mikate likaanza kupata umbo.

"Unaniziba mwanga," alisema.

Sindano akasogea. Hakusogea upande wa mlango.